Mlinzi wa Waya

Mjukuu wa marehemu alisoma wasifu kwa sauti ya shuleni, bila kupumzika penye nukta, na alipofika kwenye habari ya mguu hakubadilisha sauti. "Marehemu alipata ajali mbaya alipopigwa na waya wa gari la mradi wa visima lililokwama karibu na hapa nyumbani, na mtu aliyekuwa analinda waya hakumwona. Alikatwa mguu wa kulia chini ya goti, lakini aliendelea kulima na kuimba kwaya." Kisha akaingia kwenye majina ya watoto na wajukuu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, safu ya tatu, hapo Vihingo, mikono juu ya magoti. Mtu aliyekuwa analinda waya ni mimi. Na hilo neno "hakumwona" ni langu pia. Nililitoa mdomoni mwangu katika chumba kimoja Kibaha nikiwa na miaka ishirini na sita, na kumbe limeishi muda wote huo mpaka likafika kwenye karatasi ya kusomwa mbele ya mchungaji na jeneza. Mzee aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza, "Bahati mbaya tu ile, maskini." Nikatikisa kichwa kukubali. Hata pale, na nywele zangu hizi nyeupe, nilikubali.

Mwaka ule nilikuwa dereva msaidizi. Nasema dereva msaidizi kwa kujipa heshima tu. Kazi yangu hasa ilikuwa kukaa kushoto kwa Mzee Pazi, kufungua mageti na kuosha gari. Mradi wetu ulichimba visima katika vijiji vya Kisarawe, lakini ofisi ilikuwa Kibaha, nyumba ya vyumba vinne nyuma ya barabara ya Morogoro. Chumba cha madereva kilikuwa jiko zamani. Bado kulikuwa na masizi juu ya dirisha, na harufu ya dizeli ilichanganyika na ya dagaa tuliowakaanga humohumo mchana. Palikuwa na meza moja, mabenchi mawili, na kalenda ya mwaka uliokwisha ambayo hakuna aliyetaka kuiondoa kwa sababu ya yule dada aliyeegemea friji. Kati yetu na ofisi ya meneja palikuwa na ukuta wa plaiwudi. Kila kilichosemwa upande wa pili tulikisikia, nani anahamishwa, nani amegombana na mkewe. Mzee Pazi hakupenda. Mazungumzo yakianza upande ule yeye alikohoa kwa nguvu, mara mbili, ili wakubwa wajue kuna watu. Mimi nilitamani aache kukohoa.

Gari letu lilikuwa na winchi. Kwa asiyeijua, ni mashine inayofungwa mbele ya gari kwenye bampa: ngoma ya chuma iliyoviringishiwa waya wa chuma, ndoano mwishoni, na mota inayokula umeme wa betri. Gari likizama kwenye tope unavuta waya mpaka kwenye mti, unaufunga, unabonyeza kidude, na gari linajitoa lenyewe polepole huku likilalamika. Wakati wa masika, njia ya kutoka Mlandizi kuingia Kisarawe, bila winchi ungeweza kulala porini siku mbili. Vijana wa ofisini waliiona ni pambo, wakisimama mbele yake kupigwa picha. Mzee Pazi, aliyeitumia miaka mingi kuliko wote, aliiogopa. "Gari ukilikosea linakupa nafasi ya kukanyaga breki," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Hii haikupi nafasi. Inakwambia baadaye."

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, tulitoa waya wote nje mpaka ibaki mizunguko mitano kwenye ngoma. Mitano, wala si minne. Aliihesabu kwa sauti, maana ikibaki michache waya unachomoka wote. Ndoano tuliifunga kwenye nguzo ya zege kule kwenye uzio, tukavaa glovu za ngozi, kisha mimi nikapita na kitambaa cha pamba kutoka mwanzo hadi mwisho, nimekibana kwenye waya, natembea taratibu. Kitambaa kikinasa, hapo kuna uzi wa chuma uliokatika. Baada ya hapo mafuta ya taa ya kutoa tope na kutu, halafu oili nyepesi, halafu kuurudisha waya huku gari likijivuta lenyewe na breki ya mkono imepandishwa kidogo, ili mizunguko ilale kwa kubana, mmoja kando ya mwenzake. Mikono isifike karibu na ngoma. Siku moja waya ulipanda juu ya waya, nami nikanyoosha mkono niusogeze. Mzee Pazi alizima mashine, akateremka, akaninyang'anya glovu, na hakunisemesha tena mpaka jioni, aliponiletea kipande cha muhogo wa kuchoma kwenye gazeti. "Kula," akasema, "ungali na vidole vya kulia." Nikala nimenuna. Leo ningetoa kitu kikubwa kununiwa na mzee yule Jumamosi nyingine.

Lakini mkazo wake mkubwa haukuwa kwenye chuma, ulikuwa kwenye watu. Gari likikwama kijijini, watu wanakuja. Hawaji kushangaa tu, wanakuja kusaidia, na msaada wao ni kusogea karibu. Mzee Pazi kabla ya kuvuta alifungua boneti akaiacha wima, ili waya ukikatika usipite kwenye kioo ukamkuta usoni. Juu ya waya tulilaza blanketi zito, kuuangusha chini ukiruka. Ila boneti ikiwa wima, aliyeshika usukani haoni mbele. Anayemwona ni mtu mmoja tu, mlinzi wa waya, aliyesimama pembeni mbali, mahali anapoonekana kutoka dirishani. Mkono wazi, vuta. Ngumi, simama. Mlinzi ndiye macho ya dereva. "Na ukishakuwa mlinzi," aliniambia, "huna shehe, huna mchungaji, huna mwenyekiti, huna mkwe. Anayesogea mfokee. Shikamoo utampa baadaye, akiwa mzima." Aliposema mkwe nilicheka, kwa sababu wakati ule yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ananitafutia mkwe.

Kwao Mzee Pazi kulikuwa Vihingo, na kila safari ya upande ule tulipita kwake kula. Jirani yake alikuwa mjane mmoja, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, tuliyemwita Mama Tabitha. Mzee Pazi Mwislamu, wao Walutheri, na wote ni wajomba na mashangazi wa kila mmoja kwa namna ambayo sikuwahi kuifuatilia mpaka mwisho. Kule ndivyo walivyo. Tabitha alikuwa bintiye wa pekee. Alileta sahani ya kisamvu kwa jirani siku moja, akaniuliza kama Kibaha hatuna maji ya kufulia mashati, na mimi nikakosa jibu njia nzima ya kurudi. Mzee Pazi aliendesha mpaka Mlandizi, kisha akasema, "Haya, nitakusemea." Akawa mshenga wangu. Posa ilipokelewa mwanzoni mwa masika.

Ni yeye aliyenifundisha adabu ya ukweni, ndani ya gari, kama alivyonifundisha gia. Mama mkwe akipita, unapisha. Humtazami usoni, unainamisha kichwa. Humwiti kwa sauti, humkatizi, na kamwe humpazii sauti mbele ya watu. Husemi mpaka akusemeshe. "Akikwambia 'marahaba mkwe', hapo unaweza kuvuta pumzi," alisema. Niliyashika yote, na kwa bidii kuliko nilivyowahi kuushika ule waya.

Sebule ya Mama Tabitha naiona hata sasa nikifumba macho. Sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza, viti viwili vyenye vitambaa vya kufuma, picha ya wanakwaya waliojipanga mbele ya kanisa, na pazia la maua kwenye mlango wa kuendea uani. Niliandaliwa wali wa nazi, kisamvu na samaki wa kukaanga, nikala peke yangu kama mgeni rasmi, na sauti za wanawake zikinijia kutoka nyuma ya pazia. Siku ya ziara ya tatu nilimsikia Mama Tabitha akimwambia jirani yake, "Yule kijana ana haya, jamani. Mara tatu anakuja hapa, hajainua jicho kunitazama. Vijana wa siku hizi wanakukodolea macho utadhani umewaibia. Huyu kalelewa." Niliacha kutafuna ili nisikose neno. Yule mwingine akasema, "Basi umepata mtoto wa kiume." Mama Tabitha akacheka, akasema ndiyo, amepata. Maneno yale yalinilevya. Sikuwahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote, na kuanzia siku ile niliinamisha kichwa hata mahali ambapo hakuna aliyehitaji kichwa changu kiinamishwe. Nilikuwa nalinda sifa. Nakiri hivyo sasa, maana kwa miaka mingi niliita kitu kile heshima, na kwa kiasi fulani kilikuwa heshima, lakini nusu yake ilikuwa ni kijana anayetaka kuendelea kusifiwa nyuma ya pazia.

Wiki mbili baada ya hapo, Jumamosi, kitambaa kilinasa. Ilikuwa karibu na katikati ya waya, nyuzi tatu zimekatika na kusimama nje. Mzee Pazi alipapasa kwa glovu, akapainamia muda mrefu. Kukata hapo kungetuachia waya mfupi usiofika popote, kwa hiyo akaomba waya mpya. Jibu tulilisikia kupitia plaiwudi kabla halijatufikia kwa njia halali: "Mwambieni mzee avute taratibu, mpya utakuja." Safari ile hakukohoa. Alitoka nje, akarudi, akaniambia kwamba mpaka waya mpya uje tutavuta tu tukikosa kabisa njia nyingine, na blanketi litalala palepale penye nyuzi zilizokatika. "Na ndani ya urefu wa waya asikae mtu," akasema. "Hata kuku, Yona. Unanisikia?" Nikamwambia namsikia.

Tulikwama siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, kabla ya kufika Vihingo, tukiwa tumebeba mabomba ya kisima. Udongo wa pale ni ule mweusi unaonata. Tulichimba kwa sepetu, tukatandika matawi chini ya magurudumu, tukapunguza mzigo, tukajaribu tena. Ilipofika saa tano gari lilikuwa limekaa kwa tumbo. Mzee Pazi akatazama mawingu, akashusha pumzi, akaenda kufunga mkanda mpana kwenye shina la mkorosho, chini kabisa, ili waya usiukate mti. Akatia ndoano kwenye mkanda, akalaza blanketi, akafungua boneti. Kabla ya kupanda alinishika bega. "Macho yangu hayo," akasema.

Nilifoka vizuri siku ile, na hilo ndilo linaloniuma. Walikuwa wamekusanyika watu kama ishirini, na niliwarudisha wote. Niliwafokea vijana waliotaka kusukuma, niliwafokea kina mama waliotoka kuchota maji. Mwenyekiti wa kitongoji mwenyewe, aliyekuja na mwavuli wake kutoa maelekezo, nilimwambia arudi nyuma ya kichuguu, akarudi huku ananung'unika. Niliinua mkono wazi. Waya ukakaza, ukapanda mpaka usawa wa goti, ukaanza kutoa ule mlio mwembamba. Gari likasogea kidogo. Watu wakashangilia.

Mama Tabitha hakuja na umati. Alitokea upande wa pili, kutoka shambani, kwa njia ndogo ya miguu iliyokatiza palepale kati ya gari na mkorosho, na beseni la majani ya muhogo kichwani. Nilimwona akiwa bado hatua sita au saba kutoka kwenye waya. Naye aliniona. Macho yetu yalikutana, na mimi nikainamisha kichwa. Sikuamua. Mwili ulifanya kile ulichozoeshwa, kama mguu unavyotafuta klachi. Mkono wangu ulibaki juu, wazi. Nilikuwa na muda. Nimezipiga hatua zile kwa miguu yangu mara nyingi tangu hapo, uani kwangu, nikijidai natembea kwa ajili ya afya. Neno "Mama, simama!" lilikuwa tayari mdomoni. Nikafikiri atasimama mwenyewe. Nikafikiri nikimpigia kelele mbele ya watu wote hawa itasemwa mpaka kanisani. Nikafikiri nimwite kwa upole, na nilikuwa bado nautafuta huo upole wakati nilipoona kwa chini, kwa jicho la pembeni, kanga ikiinuliwa na mguu ukivuka waya.

Mlio wa waya kukatika haukuwa mkubwa, ni kama mtu aliyechana shuka. Kipande cha upande wa gari kilianguka na blanketi kama Mzee Pazi alivyokusudia. Kile cha upande wa mti kilipita chini. Nilipoinua kichwa Mama Tabitha alikuwa ameketi ardhini, majani yametapakaa, anauliza ni nani amemsukuma. Mzee Pazi alifika kabla yangu, akavua shati lake akamfunga mguu juu ya goti, anabana kwa mikono yote miwili na kumwambia, "Dada, nitazame mimi, usitazame huko." Mimi nilikuwa nimesimama palepale nilipowekwa. Watu walileta kitanda, wakambeba mpaka lilipopatikana gari jingine la kumfikisha hospitali, Kibaha. Alipopitishwa mbele yangu sikumtazama.

Kesho yake tuliitwa mmoja mmoja. Meneja alikuwa na mgeni kutoka makao makuu, mtu mpole aliyekuwa anaandika. Aliniuliza maswali machache ya kawaida, kisha akauliza, "Ulimwona yule mama?" Sikuwa nimepanga kusema uongo. Nilikuwa nimelala macho usiku ule nikipanga maelezo, haya, mkwe, mila, na yote yalionekana ya kipumbavu katika chumba kile chenye feni. Ningemwambiaje mtu wa makao makuu kwamba mwanamke amevunjwa mguu kwa sababu nilikuwa namheshimu? "Sikumwona," nikasema. Akaandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kujaza mafuta.

Nikaenda kukaa chumba cha madereva, na Mzee Pazi akaingia. Kupitia plaiwudi nilimsikia yule mgeni akisema, "Kijana anasema hakumwona. Wewe kutoka dirishani ulikuwa unamwona kijana. Alikuwa anatazama wapi?" Mzee Pazi alikuwa hana kitu kingine cha kutazama asubuhi ile ila mimi. Aliniona nikiinamisha kichwa na mkono wangu ungali juu, na bila shaka aliona ni kichwa cha aina gani, maana yeye ndiye aliyekifundisha. "Winchi ilikuwa mkononi mwangu," nikamsikia akisema. "Ubovu wa waya niliujua. Mlinzi nilimchagua mimi. Andikeni hivyo." Nilikuwa na mlango mmoja tu wa kufungua. Kikombe cha chai kilikuwa mbele yangu, nikakinywa mpaka chini.

Walimpumzisha kazi. Walisema ni kwa sababu ya umri. Mwezi haukuisha waya mpya ukaletwa, unang'aa, na funguo za gari nikapewa mimi. Mzee Pazi alikuja siku moja kuchukua kikombe chake na redio. Glovu aliziacha mezani. Hakunilaumu, hakunipa mkono wa kwaheri wa namna ya pekee, alisema tu, mlangoni, "Nenda Vihingo mwenyewe. Wanakusubiri." Nilimwelewa vibaya, au nilichagua kumwelewa vibaya. Nilisikia kwamba wananisubiri kwa hasira, ndugu wa kiume wamejipanga, maneno yamewekwa tayari. Nikasema nitakwenda wiki ijayo.

Mama Tabitha alilazwa muda mrefu, na kutoka ofisini mpaka hospitali ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Nilikwenda mara moja. Nilinunua machungwa, nikafika mpaka karibu na wodi, nikamwona Tabitha kwenye bomba la nje anasuuza beseni, kitambaa kimefungwa kichwani vibaya, kama mtu ambaye hajalala. Angeinua tu kichwa angeniona. Nikageuka. Machungwa niliyala chumbani kwangu, yote, moja baada ya jingine, na kesho yake nikawaambia madereva wenzangu kwamba wakwe wamenikataa kwa sababu ya mguu. Walinionea huruma. Habari hiyo nikaizoea. Nilipooa, miaka minne baadaye, mke wangu nilimpa hiyohiyo, na watoto wangu wanaijua hivyo, kwamba baba aliwahi kukataliwa Kisarawe.

Niliendesha magari ya miradi mpaka nilipostaafu, na nimewafundisha winchi madereva wengi. Wananiita Mkali. Nimemfokea mkuu wa wilaya arudi nyuma ya mti, mbele ya walinzi wake, na akarudi. Nimemfokea askofu. Vijana walikuwa wanacheka, wanasema mzee huyu hana adabu kabisa mbele ya waya, nami niliwaacha wacheke. Sikuwaambia nilijifunza wapi. Mzee Pazi alipofariki nilipata habari miezi imeshapita, na hata hapo ningeweza kwenda kutoa pole kwa watoto wake. Siku mbili tatu nilikuwa Mlandizi kwa shughuli zangu. Ile njia niliitazama ikiingia kulia, nikanyoosha kurudi Kibaha.

Kwenye huu msiba wa Mama Tabitha nisingekwenda pia. Nilimaliza kuvaa, nikavua, nikavaa tena. Sijui kilichonisukuma, labda ni kwamba aliyekufa hawezi kukutazama. Tulimzika saa nane, mvua ikinyunyiza. Baada ya chakula watu walipoanza kupungua nilizunguka nyuma ya nyumba, na Tabitha alikuwa uani anakung'uta mkeka. Amekuwa bibi mnene mwenye miwani, lakini mikono ni ileile.

"Pole sana, Tabitha."

"Tumeshapoa. Umezeeka, Yona."

"Na wewe pia."

"Mimi nimefiwa. Wewe una kisingizio gani?"

Nikaona nisiposema pale nitaondoka nalo tena, na safari hii nitaondoka nalo moja kwa moja. "Tabitha," nikamwambia, "siku ile mama nilimwona."

Hakuacha kukung'uta mkeka. "Najua."

"Mzee Pazi alikwambia?"

"Mzee Pazi amekufa hajanifungulia mdomo. Mama mwenyewe alinieleza, akiwa bado kitandani hospitali. Alisema mlitazamana, ukainamisha kichwa. Akasema, 'Kwa hiyo nikajua pako salama, mkwe ananipisha nipite.'"

Nikashika ukuta wa jiko. Miaka yote ile nilidhani kosa langu lilikuwa kunyamaza. Sikuwahi kufikiri kwamba nilisema, na kwamba alinielewa, na kwamba alivuka kwa sababu aliniamini.

"Mbona hakuwaambia watu wa ofisini?" nikauliza. "Nilisema sikumwona. Mzee Pazi alifukuzwa kwa ajili yangu."

"Walipomjia kumhoji alinyamaza. Na Mzee Pazi alimwambia anyamaze, uzee wake umeshafika, kijana ndiyo anaanza. Mama akasema, 'Sawa, lakini mimi mwenyewe ataniambia. Ameogopa tu, atakuja.' Aliporudi nyumbani alinipikisha wali wa mgeni Jumapili tatu mfululizo, Yona. Anakaa pale sebuleni na magongo yake, kanga mpya, anangoja."

"Mimi nilijua mmenikataa. Kwa ajili ya mguu."

Hapo ndipo aliposimama, akanitazama vizuri juu ya miwani. "Tulikukataa lini? Ulikuja lini hapa, tukakukataa?"

Nilisema nimekuja sasa, nimekuja kulisema, kwamba nilimwona na ninaomba radhi.

"Umelisema, nimekusikia," akasema. Hakuwa na hasira, na ningependa sana angekuwa nayo. "Lakini mimi nilikuwa nalijua. Wa kuambiwa tumemzika saa nane."

Akauviringisha mkeka, akauingiza ndani, maana wageni wengine kutoka Kibaha walikuwa wanafika na hapakuwa na pa kukaa.